Hatua za Babu Nderingo

Karatasi imechanwa daftari la mizani ya kahawa.
Upande mmoja kilo, majina, madole gumba ya wino.
Upande wa pili penseli ya baba yangu,
akiandika alichoambiwa na babake, kipofu tayari:

*Toka mlingoti wa bendera, boma mgongoni,
jua la asubuhi shavu la kulia,
hatua mia mbili na themanini hadi mfereji.
Vuka.
Toka mfereji, mia sita na kumi na mbili.
Hapo ndipo mlango wa jela.*

Hakutaja mtaa. Mitaa ilikuwa haijazaliwa.

Nimekuja Jumapili, mapema, Meru bado umejifunika.
Boma lipo. Limestaafu, linakatisha tiketi.
Mfereji hesabu ilinipitisha;
niliupata kwa sikio, nikirudi nyuma,
ukiguna chini ya zege kwenye tundu la karo.
Kisha mia sita na kumi na mbili,
nikasimama katikati ya lami
bodaboda wakinitukana kwa honi.
Jela hakuna. Bango tu: mkopo wa siku moja.

Nikarudi. Babu hakuwa mrefu, nikapunguza mwendo.
Nikaishia kwenye ukumbi wa harusi.

Mlinzi wa hapo, Lomnyaki, rungu kwapani:
"Dada, umedondosha hereni?"
"Natafuta jela."
Akacheka. "Wenzako hutafuta njia ya kutoka."
Nikamsomea karatasi. Akainamisha kichwa
kama fundi anayesikiliza injini.
"Huyu mzee," akasema,
"alihesabu akienda, au akipelekwa?"

Akipelekwa.

Alfajiri kwa alfajiri, jiwe kichwani,
kifundo cha mguu kwa kifundo cha mtu
ambaye hakuruhusiwa kumuuliza jina.
Hatua ya mnyororo si hatua.
Ni shibiri moja na nusu, halafu chuma kinakata shauri.

Nikavua kanga begani nikajifunga miguu,
mimi, karani wa bima, mama wa watu watatu,
hadharani, mbele ya ukumbi uliosahau maputo yake ya jana.
Lomnyaki akanishika kiwiko hadi mfereji.
Tukaanza moja.

Kumbe haikuwa mbali.
Uchochoro, stoo ya matairi, kibanda cha Mama Aikande,
na nyuma ya kibanda ukuta mmoja wa mawe meusi,
unene wa mkono kutoka bega hadi kidole,
mabati yameuegemea kama wageni waliolewa.
Kimo cha goti, pete ya chuma imeota kwenye jiwe.
Mama Aikande ameifungia kamba ya turubai.

"Hii ni imara," akasema, akaivuta kunionyesha.
"Mwaka wa tisa huu. Upepo wote wa Julai, haijalegea."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na karatasi.
Niliagiza chai ya rangi na chapati moja,
nikaketi kwenye kivuli
kilichoshikiliwa na babu yangu.
Lomnyaki naye akaketi, akavua kofia, hakuuliza.
Mteja wa matairi alikuja, akapatana bei, akaondoka.

Kuondoka, nilifungua kanga nikaikung'uta vumbi.
Nilihesabu bila kutaka:
ishirini, thelathini, arobaini na tatu,
miguu mitupu ya kamba
bado ikienda shibiri moja na nusu.