Vioo vya Kulia

Nauza vioo vya pembeni, vya magari,
hapa Chihonda, barabara ya mzunguko
inapoingia ile ya Singida.
Vya kulia huisha kwanza.
Usiniulize kwa nini. Panda tuta hili, utazame.

Anayetoka chini ya daraja hupanda kipofu,
ukuta wa zege umemzidi kimo.
Akifika juu, kipande alichopewa cha kuchochea mwendo
ni hatua sitini na mbili.
Nimezipima kwa miguu yangu, Jumapili alfajiri,
malori yamelala.
Sitini na mbili, halafu chuma cha kingo.
Humo akanyage mafuta, awashe taa, ageuze shingo,
na yule wa kulia kwake anateremka kutoka Nala mwendo wa mia,
naye anautaka upande wa kushoto, atoke.
Wawili, nafasi moja.
Hodi isiyo na karibu.

Siku ya uzinduzi walipiga zeze na marimba.
Mhandisi alitamka "mtiririko" mara tisa.
Maji ndiyo hutiririka, bwana.
Gari lina mtu ndani,
na mtu ana kiburi, ana deni,
ana mgonjwa kiti cha nyuma.

Mwezi wa nane pikapu ya zabibu ilipungukiwa hatua moja.
Lami ikageuka zambarau. Nyuki wakaja kabla ya polisi.
Dereva, Yoeli Chidumizi, alitoka mzima,
akaketi juu ya kreti
akala kishada kizima, punje moja moja,
mpaka mkono ulipoacha kutetemeka.

Kesho yake akanijia: cha kulia.
Nikampunguzia elfu tatu.
"Nilimwona," akasema, "humuhumu. Alikuwa mdogo, yuko mbali."
Ndivyo kilivyo kioo chenye tumbo:
lori zima hulifanya kisoda.

Nimeshaandika barua mbili kwa wenye barabara.
Ya tatu iko chini ya rula: *Ongezeni hatua mia mbili.*
Merabi, mke wangu, aliisoma akiwa amesimama.
"Wakiongeza," akauliza, "tutakula nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa nafuta vumbi,
vioo ishirini na sita kwenye waya,
kila kimoja na barabara yake,
na katika kila kimoja mtu
anawasha taa,
anageuza shingo.