Vibati Vitano

Baba alitunza chumba cha taa
katika mgodi wa makaa wa Zonguldak, zamu ya usiku.
Mchimbaji akishuka, kibati chake cha shaba kilibaki msumarini.
Akipanda, alikuja kukichukua.
Kibati kilichoning'inia hadi kunakucha
kilikuwa habari ambayo hakuna aliyetaka kuisoma.

Nilipotimiza miaka sita alinichongea vitano,
vya herufi, si vya namba: Y, E, L, D, A.
Yelda. Usiku mrefu kupita wote wa mwaka,
ndimo nilimozaliwa, theluji imefika kwenye kitasa.
"Jina zima litakukwama," akasema. "Anza na vipande."

Tulivipanga jikoni, juu ya kitambaa cha plastiki.
AY: mwezi, ule wa angani
na ule wa mshahara unaochelewa;
na pia mlio wa mtu aliyejigonga kidole.
DAL: tawi. DAL: zama.
Akacheka, neno moja lapanda mti na kushuka shimoni!
AL: chukua. AL: nyekundu, ya bendera,
ya utaji wa bibi harusi.
EL: mkono.
EL: mtu baki, asiye wa kwetu.

Hilo la mwisho lilininyima usingizi.
Vipi mkono na mtu baki vikae chumba kimoja?
Baba akasema hajui, yeye ni mtu wa taa.

Machi hii mshipa ulimpasuka kichwani.
Bi Nesrin, anayewafunza wagonjwa kusema upya,
aliniambia maneno yote yamo,
ila mlango umevimba kama mbao zilizonyeshewa.
Jina langu halipiti.
Vinapita vipande.

Jana asubuhi nilimpelekea chai.
"Al," akasema.
Niichukue gilasi? Au ameisifu rangi,
ile tunayoiita damu ya sungura?
Nikaichukua, akafoka.
Nikairudisha, akalia.
Chai ikapoa baina yetu.

Adhuhuri: "Dal."
Nikatazama dirishani, mtini una tawi moja tu
na halina jani.
Yeye kidole chake kilielekea sakafuni.
Nikamvua soksi. Siyo.
Nikatafuta chini ya kitanda, nikapata kijiko
na kipande cha gazeti la mwaka juzi.
Siyo, siyo.
Labda aliwaona wenzake wakiingia kwenye kizimba cha lifti,
na mimi nilisimama njiani.

Usiku, naosha vyombo, akaniita:
"El."

Nikaganda, sabuni inanichuruzika hadi viwikoni.
Baba, unaomba mkono,
au unaniuliza mimi ni wa wapi?
Sikumuuliza. Niliogopa angejibu.
Nikampa mkono wenye povu, wa mwana au wa mtu baki,
achague mwenyewe.
Akaushika, akaupindua,
akaukagua kiganjani kama anayetafuta namba.

Halafu akataka kopo la biskuti, lenye vibati.
Vidole vyake vilichelewa mno.
A. Kisha D.
AD: jina.
Nikangoja. Saa ya ukutani ikapiga nusu.
Akaiondoa A, akaiweka E upande wa pili.
DE: sema.

Ananiamuru mimi? Anajiamuru yeye?
Nilifungua kinywa nikijua nitataja langu,
nimsaidie, kama Bi Nesrin alivyonielekeza.
Likatoka la kwake:
Satılmış.
Hakuna aliyewahi kumchongea hilo.
Nikalirudia polepole, herufi zote nane,
naye akawa anatikisa kichwa kwa kila moja
kama anayehesabu watu mlangoni.

Asubuhi nilikuta D na E bado mezani.
Zile tatu alilala nazo ngumini,
alama ya L imejichora kwenye ngozi.
Nesi alitaka kumfungua vidole apime presha.
Nikamwomba atumie mkono mwingine.
Kibati kikiwa mkononi, nilimwambia,
mwenyewe amekwisha panda.
Hakunielewa. Akatumia mwingine.