Mabawa, Gawanya kwa Mbili

Alfajiri Bi Mbuke anafagia baraza.
Visubi wa usiku, waliopanda kutoka ziwani kama moshi
wakaifuata taa yangu hapa Kirumba,
wamelala wakavu kando ya mlango.
Wengine vipande. Wengi ni mabawa tu.

"Taa yako hii," asema, "ndiyo inayoniajiri."

Sijalala. Tangu umeme uliporudi, saa saba,
nahesabu kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona:
kwaki kilele, kizito karibu sawa na atomu nzima ya dhahabu,
ile wanayoichimbua ng'ambo ya ghuba, Geita,
na chenyewe ni nukta, hakina ndani.
Protoni mbili zinagongana chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi.
Mara chache, chache mno, kinazaliwa
na pacha wake kinyume,
kinakufa kabla hakijapata nguo.
Kisubi akiishi siku moja
kwa kilele hiyo ni milele, na milele nyingine juu yake.

"Sasa unakijuaje?"

Nikauonyesha ufagio wake.

Tukachuchumaa wote wawili.
Mabawa mia mbili na kumi na manne.
Ngoja, haya mapana yenye vumbi ni ya nondo, yatoe.
Thelathini? Tuseme thelathini.
Umekisia, basi andika kwamba umekisia, usifiche.
Yaliyobaki gawanya kwa mbili: visubi tisini na wawili.
Na kuku wa Lushinge walishapita hapa,
nawajua, katika kila watano wanadonoa mmoja.
Rudisha walioliwa.
Mia moja na kumi na watano.

"Na taa je?" akauliza, mimi sijafika huko.
"Juzi umeme ulikatika mapema, nikafagia kiganja kimoja."

Nikanyamaza.
Hilo mimi nililisomea miaka minne, ugenini, kwa baridi:
hesabu peke yake haisemi kitu.
Taa ilikuwa kali kiasi gani, iliwaka muda gani?
Gawanya kwa mwangaza.

Saa tano iliwaka. Ishirini na watatu kwa saa,
jumlisha au toa wawili na nusu.

"Nusu ya kisubi?"
"Nusu ya kutojua kwangu."
Akacheka mpaka akashika nguzo.

Ndani, kwenye kioo cha kompyuta, namba yangu nyingine
imeizidi nadharia kidogo,
kidogo tu, bado iko ndani ya kutojua.
Wenzangu watauliza kuhusu nondo.
Watauliza kuhusu kuku.
Harufu ya dagaa inapanda kutoka Mwaloni
na mimi bado sijui kama nilichotoa kilistahili kutolewa.

Bi Mbuke amekusanya ushahidi wote kwenye kizoleo,
anaumwaga nje ya ua.
Kuku wa Lushinge wanakuja mbio. Sasa wote watano kati ya watano.

"Leo usiku washa taa ndogo."
"Nikiwasha ndogo nitahitaji miezi."
"Basi fagia mwenyewe."