Jumamosi ya Sauna

Helve Raudsepp alianza na drafti.
Mwaka wa sabini na mbili, mjini Tartu,
katika chumba cha chini kilichonuka vumbi na waya moto,
aliifundisha mashine kula kete.
Mimi nilimbebea kadi zenye matundu,
na siku niliyoteleza darajani
kadi elfu na mia mbili zikatawanyika thelujini.
Hakunigombeza. Alipiga magoti, akaokota.
"Usizipange," alisema. "Tuone itawaza nini ikivurugwa."
Haikuwaza kitu. Ilitema karatasi tupu, mita nne.
Akaitundika ukutani, akaandika kwa wino mwekundu:
*Ujinga, nakala ya kwanza.*

Mashine ilipomfunga mkuu wa kitivo mara tatu
watu walisema, akili imeundwa.
Helve akasema, imeundwa subira tu.
Mpinzani aliyemwamini alikuwa mpwa wake Tiit,
miaka sita, kamasi puani,
aliyecheza ovyo kiasi cha kuishangaza mashine.

Kisha mafua ya themanini na moja.
Tiit alilazwa Jumatano.
Jumapili kitanda chake kilikuwa na shuka nyingine.
Sikumwona Helve akilia. Nilimwona akihesabu:
mtoto alikaa na nani, nani alikohoa, lini, wapi.
Ubao wa drafti ukabaki rafuni, kete zilivyo,
zamu ya Tiit.

Wenzake wa akili mnemba walisema ametuhama.
Madaktari walisema, huyu wa mashine anatafuta nini wodini?
Miaka tisa alikula peke yake kwenye benchi
kati ya majengo mawili,
mkate mweusi, samaki wa chumvi,
daftari gotini.

Hesabu zake zilijua mabasi,
zilijua shule, kiwanda cha viatu, foleni ya maziwa.
Zilitabiri kilele Alhamisi.
Kilikuja Jumanne.
Mwaka uliofuata, Jumanne.
Kila mwaka Jumanne, kama mdai.

Aliyemfumbua macho ni muuguzi Salme Kangro,
mtu wa maneno machache:
"Kwani hiyo mashine yako haiogi?"

Haikuwa ikioga.
Haikujua Jumamosi jioni, nyumba tatu sauna moja,
bega kwa bega, mvuke ukipanda kwenye mawe,
bibi, mjukuu, jirani, pumzi moja.
Pale hakuna mficha uchi,
ila mficha maradhi yumo, anakoholea taulo,
na kifo kiko nje, kinamsubiri kimuumbue.
Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.
Jumanne homa.

Usiku ule alilifungua tena daftari la Tiit.
Orodha ya majina ishirini na saba.
Akaongeza la ishirini na nane,
jina la shangazi aliyempeleka kuoga.
Nililiona kesho yake. Hatukulizungumza,
si siku hiyo wala siku nyingine.

Miaka ikaenda, nywele zikafuata theluji.
Vijana wakaja na mashine inayojifunza yenyewe;
wakailisha rekodi milioni arobaini.
Ikasema: Jumanne.
Hakuna aliyeiambia habari za sauna.
Helve akauliza, "Kwa nini Jumanne?"
Ikarudia jibu lile lile, na desimali zaidi.
Alicheka hadi akashika meza.
Kisha akasema, "Iandikeni sauna."
"Profesa, haiongezi usahihi hata chembe."
"Najua. Iandikeni.
Huwezi kumwambia mtu aikwepe Jumanne.
Unaweza kumwomba Jumamosi moja."

Mwezi wa tatu alistaafu.
Karatasi tupu amenipa mimi; imegeuka njano kwa wino na moshi.
Ubao aliubeba mwenyewe, kwenye basi,
mapajani, mikono miwili, dereva akipunguza mwendo kila kona.
Kete hazikusogea.