Silabi Moja

Bwana Kaniki amenipa glavu za hospitali
na meza yenye mguu mfupi, ulioinuliwa kwa kalenda iliyokunjwa.
"Usilambe kidole," kasema, "vitabu hivi vimepigwa dawa."
Nje, Barabara ya Nane, mtu ananadi mbaazi.

Daftari la chanjo ya ndui, Muheza, Julai arobaini na nne.
Mstari wa kumi na tisa:
*Hiza mkiwa. Miezi mitatu. Mama: Mwanjaa.*

Hiza ni babu yangu.
Mimi ni Semkiwa shuleni, Semkiwa kwenye cheti cha ndoa,
Semkiwa kwenye deni la benki.
Hapa hakuna Se.
Kuna tundu la mchwa, au hakukuwa na kitu tangu mwanzo,
kisha m ndogo,
kana kwamba karani hakuandika jina
bali hali ya mtoto.

Na Se, kwetu Wabondei, ndiko anakokaa baba.

Nahesabu kwa vidole ndani ya glavu.
Mzee Semkiwa alipanda treni ya jeshi arobaini na mbili,
akarudi arobaini na sita na blanketi la kijivu.
Mimba gani hiyo
ya kuvuka Burma?

Daftari la shamba la Ngomeni ni zito, kurasa zimegandana.
Humu watu hawana majina. Manamba.
*1174, Muha, Kasulu. Mwiba wa mkonge, jicho la kushoto.
Zahanati, kitanda cha sita. Kuingia Juni, kutoka Julai, 1943.*
Chini yake, kwa wino mwingine, posho ya mpishi wa wagonjwa:
*Mwanjaa, shilingi nne.*

Wiki tano.
Wiki tano ni nyingi kwa jicho moja.

Nimempigia shangazi Mkuzi.
Kimya, halafu sauti ya kuku, halafu yeye:
"Kitanda hakizai haramu, mwanangu."
Kitanda kipi, shangazi? Cha mkwaju, kule kwa Mzee,
au cha chuma, cha sita?
Alisema ana maharage jikoni.

Nilikuwa nafunga. Kaniki ndiye aliyeleta la mwisho,
la shule, hamsini na moja, lililokosewa rafu.
Mwaka ule wazazi walijiandikia wenyewe, wanaojua.
Askari mstaafu, aliyejifunza herufi kambini
kwa mkaa na mbao za masanduku ya risasi, aliandika:
*Hiza* — jepesi, karibu kufutika —
*SEmkiwa.*
Hizo mbili za mwanzo ni kubwa, zimerudiwa,
kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ikaachia.
Nikageuza ukurasa.
Se imetokeza upande wa pili, kinyumenyume,
juu ya jina la mtoto wa watu.

Alijua kuhesabu, basi.
Miezi alikuwa nayo yote, kama mimi.

Wa Kasulu je? Mstari wake unaishia *ameondoka*,
na pembeni, *hakuchukua mshahara*.
Hakuna aliyemwuliza jina, na mpishi
kama alilijua
alilila na ukoko.

Saa tisa na nusu Kaniki anatikisa funguo.
Kuna fomu ya kutokea: *Jina la mtafutaji.*
Nimeandika Semkiwa.
Mkono ulikaza kwenye Se bila kuniuliza.

Halafu, nyuma ya risiti ya nakala,
kwa tarakimu ndogo, 1174,
na kistari mbele yake,
kirefu kiasi cha jina.