Huisha

Somo la tatu. Nimeandika ubaoni UHUISHAJI.
Chaki imelowa, mvua ya jana ilipenya bati,
herufi ya mwisho imebaki nusu.
Zihalirwa, benchi la nyuma, hangoji nigeuke:
"Mwalimu, neno hili lina nyuso mbili.
Huisha ni kutia uhai.
Na huisha, kama sabuni, kama mshahara wenu: huisha.
Tuandike lipi?"
Darasa linacheka. Nacheka nami,
hasa kwa ule mshahara.

Nilikuwa nimefika kwenye mashine za kwanza,
mabwana wa Ulaya wenye masharubu yaliyotiwa nta,
miaka, majina, Cirhuza akinakili hata kikohozi changu,
ndipo umeme ukakatika.
Projekta ikashusha pumzi ndefu.
Masharubu yakafutika ukutani,
likabaki doa la maji lenye umbo la ziwa letu.

Basi nikatoa kopo.
Kopo la maziwa ya unga, kilo mbili na nusu,
nimelikata mianya kumi na miwili kwa msumeno wa chuma,
nimelikalisha juu ya kitovu cha baiskeli
nilichokopeshwa na fundi wa pale Nyawera
(bado ananidai, hupiga simu Jumapili).
Kitenge cha Nsimire dirishani,
tochi ya simu kwa juu,
na ndani, utepe wa karatasi aliouleta asubuhi
umekunjwa kama barua ya posa.

Wakainama mmoja mmoja, jicho moja wazi.
Nikazungusha.

Mama anapanda Kadutu.
Gunia la makaa mgongoni, kamba kwenye paji la uso,
kidevu kikisukuma hewa.
Hatua kumi na mbili, kisha ile ya kwanza tena.
"Hafiki," akasema Cirhuza.
"Hafiki," akasema Nsimire. "Ndivyo ilivyo."

Kopo linanguruma, kitovu kinataka grisi.
Zihalirwa amekawia kwenye mwanya.
"Kuna mahali anapumzika. Sijui wapi.
Ni kama mgongo unakumbuka kitu."
Nsimire akatazama viatu vyake.
"Picha ya saba. Nimemtua mzigo.
Moja tu. Nilidhani kwa kasi ile
hakuna atakayeona."

Nilikuwa na sentensi yangu kuhusu jicho,
jinsi picha inavyopaswa kwisha upesi
ili mwendo uzaliwe.
Nimeifundisha miaka tisa.
Sikuisema.
Cirhuza akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Umeme ulirudi saa nne kasorobo.
Masharubu yakarejea ukutani, pamoja na mwaka wake.
Hakuna aliyegeuka.
Walikuwa wamepanga foleni mara ya pili,
wakiingoja ile ya saba.