Karata Kaloleni

Baba, usiikate kwa kisu cha samaki.
Nimeipakata kutoka Nagasaki, ndege tatu,
na Doha askari aliinusa mara mbili
akidhani nimeficha kitu chini ya karatasi.
Ni mayai, unga, asali kidogo,
na chini kabisa chenga za sukari.
Wanaiita kasutera. Wareno waliileta,
kisha Wareno wakafukuzwa, keki ikabaki.

Osundwa hainui macho.
Kilonzi amekalia shupaza,
namwona, simwambii mtu.
Stima zimepotea tangu saa kumi na mbili,
mshumaa umesimama ndani ya kikombe,
mvua ya Aprili haitaki kunyamaza.
Chezeni tu. Nitasimulia mkicheza.

Mji ule umepanda vilima
kama watu waliokimbia mafuriko wakasahau kushuka.
Ngazi hadi mlangoni mwa mtu,
hata mleta barua anahema.
Mchana nilihesabu mayai ya kichocho kwenye darubini,
jioni nikahesabu vidato.
Mtaa wa Wachina na taa zake nyekundu,
juu yake hekalu, ng'ambo kanisa,
chini bandarini kreni zimeinamia meli.
Kila aliyetia nanga aliacha kitu,
asirudi kukichukua.

Jumamosi nikaenda Dejima.
Kilikuwa kisiwa, umbo la upepeo uliokunjuliwa.
Waholanzi waliwekwa humo miaka mia mbili na ushei:
daraja moja, lango, walinzi,
hakuna kutoka bila ruhusa.
Siku hizi bahari imefukiwa,
kisiwa kimekwama nchi kavu
na tramu inakipita ikipiga kengele.

Nilisimama darajani nikacheka peke yangu.
Bi Kusano aliyenitembeza akauliza kuna nini.
Ningeanzia wapi?
Kwamba kwetu ilikuwa kinyume:
mgeni alitembea atakako,
mwenye nchi akavishwa kipande shingoni,
ndani ya kikopo cha bati,
kikigonga kifua kila hatua.
Kwamba nyumba hii, Baba,
kuta hizi unazopaka chokaa kila Krismasi,
zilijengwa na watu waliotaka kujua
Mwafrika analala wapi na ataondoka lini.
Babu alitoa karatasi mfukoni
ili avuke mtaa kununua mkate.
Nikamwambia tu, nimekumbuka nyumbani.
Akainama. Nikainama.
Tukainamiana hadi mvua ikatutenganisha.

Ndani, kwenye kabati la kioo, palikuwa na karata.
Ndogo, kingo zimeliwa, wekundu umekuwa kutu.
Bi Kusano akanisomea kibao: karuta.
Nikamwomba arudie.
Karuta, akasema, polepole, kama kwa mtoto.
Nami nikasema, karata.
Tukatazamana.
Tabako, akasema. Tumbako, nikasema.
Mlinzi wa chumba akatukazia macho.
Wareno walewale, Baba,
waliotuachia meza na leso,
na kopa, na uru, na pau,
maneno uliyojifunza Mombasa ukiwa reli
na ambayo hadi leo unayapiga mezani
kana kwamba yanakudai.

Kilonzi anauliza habari za bomu.
Nilijua atauliza.
Kuna lango la mawe kilimani,
nililipita kila asubuhi kwenda maabara.
Limebaki na mguu mmoja.
Watoto wa shule hupita karibu nalo
wakigombania mwavuli.
Sina la kuongeza, Kilonzi. Cheza.

Baba anatafuna. Sukari inalia menoni mwake.
"Walifukuzwa kabisa?"
Kabisa.
"Na hii wakaiacha?"
Wakaiacha.
Anafuta vidole kwenye suruali,
anainua karata zake karibu na mshumaa,
anazitazama kwa muda mrefu.
"Mkatie Mama Shitawa kipande, kikubwa,
umpelekee kabla hajalala.
Na wewe Kilonzi,
hiyo shupaza unayoiatamia,
itoe."